Mtoto Aliyeitikia Marahaba

Walimu vijana wanaopita hapa kwangu Mlowo huniuliza swali lile lile: "Mwalimu Ester, watoto wa siku hizi hawaamkii wakubwa, tufanyeje?" Nawakaribisha kahawa kwanza. Kisha nawaambia kwamba nilipokuwa mdogo wazee walilalamika hivyo hivyo, na mtoto waliyekuwa wakimlalamikia ni mimi. Basi tulieni. Shikamoo imesemwa inakufa tangu sijaota meno, na mpaka leo inatembea kwa miguu yake.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Wenzangu walipanda vyeo, wakawa walimu wakuu, wengine wakapata viti vya kuzunguka kwenye ofisi za wilaya. Mimi nilibaki na wenye kamasi, na sijuti. Ukitaka kujua watu wa mahali wanaheshimiana vipi, simama mlangoni mwa darasa la kwanza asubuhi uone kila mtoto anaingia na nini kutoka kwao. Mwingine anaingia na shikamoo, mwingine anaingia na tusi la baba yake.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Isongole, kule Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Watoto walikuja na Kindali chao kitamu, Kiswahili wanakisikia kwa mbali. Siku moja akaja mkaguzi, mwanamume wa tai na viatu vinavyong'aa. Nilikuwa nimesimama na mtoto mmoja wa kike. Nikamfinya bega, nikamnong'oneza, "Sema shikamoo." Mtoto akamtazama mgeni usoni, akapaza sauti kama yuko kwaya: "Sema shikamoo!" Mgeni wa watu akababaika, akasema shikamoo.

Chumba cha pili alikuwa akifundisha Mwalimu Debora, mama wa makamo, Mndali wa hapo hapo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye tukiwa tunamenya viazi aliniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Ukimfinya mtoto ndipo aamkie," alisema, "hiyo shikamoo ni yako, siyo yake. Subiri ya kwake itoke."

"Na isipotoka?"

"Itatoka. Kwani wewe ulizaliwa unaijua?"

Huyo Debora ndiye aliyenipa sanduku la wazee. Lilikuwa boksi tu la sabuni, na ndani yake mlikuwa na koti kuukuu la mwanamume, kofia ya pama iliyoliwa na panya, kitenge, na mpini wa jembe wa kufanya fimbo. Mtoto anayevaa koti ndiye mzee. Anakaa kwenye kiti cha mwalimu, wenzake wanapita mbele yake mmoja mmoja, wanamwamkia, naye anaitikia. Msidhani ni mchezo wa kupoteza kipindi. Watu wengi wakifundisha salamu wanafundisha upande mmoja, wa yule anayetoa. Wanasahau upande wa anayepokea. Mzee asiyeitikia anaua salamu kuliko mtoto asiyesalimia, na mtoto aliyewahi kukaa kwenye kile kiti akasubiri, hatakuja kupita mbele ya mtu mzima kama anapita mbele ya mti.

Niliposogezwa Tunduma nililibeba lile sanduku. Tunduma nako kuna mambo yake. Nilipowafundisha kwamba kila mkubwa huamkiwa, wakatoka hapo kama nzige. Kumbe kule stendi kuna dada wa duka la simu, amejipodoa, kope hizi hapa. Watoto wangu wakajipanga: "Shikamoo mama!" Dada akaja shuleni amevimba. "Madam, mimi nimezeeka?" Nikamwambia hujazeeka mwanangu, wamekuonea heshima tu. "Waambie waniambie mambo," akasema. Ikabidi nifundishe upya, kwamba shikamoo ina macho, inatazama kabla ya kutoka.

Na wako wale wenye ndugu Nakonde, ng'ambo ya pili upande wa Zambia. Hao wakikutana na mtu mzima wanachuchumaa, wanakunja viganja na kupiga makofi ya taratibu. Mwalimu mmoja kijana aliwakemea waache michezo. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Mwenzangu, umesalimiwa, itikia." Tulikubaliana wapige makofi kwanza, kisha waseme.

Sasa niwaambie habari za mtoto mmoja, maana hao wote niliwaweza ila huyo.

Siku nikiita majina ya darasa jipya, niliita "Lazaro." Kimya. Nikarudia. Kimya. Mtoto yuko pale kwenye dawati la mbele, ananitazama kwa upole, kana kwamba ananionea huruma kwa kumtafuta mtu asiyekuwapo. Jirani yake akasimama. "Mwalimu, huyo haitwi hivyo. Ndiye Baba."

"Baba wa nani?"

"Wa wote."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikaa kama mwenyekiti wa kijiji.

Mwalimu mkuu alipoingia, watoto wakasimama: "Shikamoo mwalimu!" Mkuu akajibu, "Marahaba." Na pale mbele sauti ndogo ikaitikia pamoja naye: "Marahaba." Mkuu akageuka huku na huku. Kesho yake ikawa kwa mama anayetuuzia maandazi. Keshokutwa kwa mchungaji. Mtu akisalimu, Baba anaitikia, tena kwa utulivu, na kuongeza, "Hujambo?" Wengine walicheka. Wengine waliuliza hadharani mtoto huyo amelelewa na nani.

Nikaamua kwenda kwao. Walikuwa wamepanga nyuma ya maegesho ya malori. Mama yake aliitwa Neema, Mnamwanga mwenye kwao Nakonde, binti mwembamba mwenye sauti ya chini. Baba wa mtoto, Festo, ni Mnyiha wa Mbozi, ananunua mahindi, muda mwingi yuko njiani. Neema aliponiona alichuchumaa, akapiga makofi yale ya viganja. "Karibu mukwai, mwalimu," akasema, kwa neno lao la heshima.

"Mama, mwanao ana jina?" nikamuuliza.

"Analo."

"Mbona haliitikii?"

"Hajalisikia sana." Akainama. "Ni la baba mkwe wangu. Nitalitajaje?"

Hapo nikamwelewa. Kwetu huku mke hamtaji mkwe wake kwa jina, na wenye kushika mila hawagusi hata jina linalofanana nalo. Mama yangu mzazi alikuwa na mkwe aliyeitwa Petro, na kanisani wakisomewa habari za mtume huyo, akirudi nyumbani kutusimulia alimwita "yule mvuvi". Amekufa hajalitamka. Kwa hiyo mtoto anayepewa jina la babu yake huitwa Baba na mama yake, na majirani nao hufuata.

"Jina tuliache," nikamwambia. "Lakini nasikia kwa watoto wa jirani kwamba kila asubuhi unamwamkia. Mtoto wa darasa la kwanza apewe shikamoo na mama yake! Hiyo ndiyo inayomharibu. Iache."

Neema akatazama chini. "Hapo nisamehe, mwalimu," akasema. Alisema kwa upole, lakini nimekaa na watu wa kutosha kujua mlango uliofungwa. Nilirudi nimeudhika. Niliona ni mapenzi ya kumdekeza mtoto wa pekee.

Haikupita muda akaja yeye shuleni, amejifunika kitenge, macho yamemwiva.

"Baba mkwe anakuja," akaniambia.

Ndipo nikapata habari yote. Festo alimwoa bila kutuma mshenga, alimchukua Nakonde akaja naye moja kwa moja hapa Tunduma. Mzee aliposikia alisema mwanamke asiyepita kwa washenga hajui heshima, na asikanyage uwanja wake. Tangu hapo Neema hajawahi kumwona kwa macho. Alipojifungua wa kiume, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua jina la mzee. Mzee aliletewa habari, hakujibu. Sasa amesikia kwa watu wa Mlowo wanaokuja kuuza mazao kwamba mjukuu mwenye jina lake anawaitikia wakubwa marahaba.

"Amesema nimemfundisha mtoto kiburi," Neema akasema. "Shule ikifungwa anamchukua akalelewe na shangazi zake Mbozi. Atamjaribu kwanza kwa salamu."

"Festo anasemaje?"

"Festo ni mtoto wa baba yake. Atasema nini?" Akanishika mkono. "Mwalimu, nifundishie. Aseme shikamoo siku hiyo moja tu. Asinichukulie mwanangu."

Nikasahau kuudhika kwangu. Nikasema moyoni, Ester, umewafundisha watoto wa watu wote hawa, ushindwe na mmoja?

Basi nikaanza kazi. Nikalitoa sanduku kila siku. Wengine wakawa wazee, yeye nikamweka mstarini na wadogo. Alipita mbele ya mwenzake mwenye koti, akasimama, akamtazama, akasema, "Shikamoo," nami nikafurahi. Kisha mlangoni akapita mama wa maandazi, na Baba akageuka: "Marahaba." Nikajaribu kwa wimbo. Nikajaribu kwa kumpanga na watoto wa Nakonde apige makofi. Makofi aliyapiga vizuri. Lakini mkubwa akitoa sauti tu, marahaba hiyo inamtoka kama kikohozi. Mara moja mkono wangu ulikwenda begani pake kumfinya. Nikamkumbuka Debora, nikaurudisha.

Mwalimu wa chumba cha pili pale Tunduma alinishauri nimchape kidogo. Nikamwambia fimbo haijawahi kufundisha heshima, inafundisha kukwepa.

Siku yenyewe haikusubiri shule ifungwe. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara yote matope ya malori. Nilikuwa nimewapa watoto sanduku wacheze, na kwa sababu Baba alikuwa amejitahidi asubuhi ile, nilimruhusu avae koti. Koti linamfika vifundoni, kofia imemfunika mpaka puani. Amekaa kwenye kiti changu, fimbo mkononi, ametulia tuli.

"Hodi."

Mlangoni alisimama mzee mrefu, amevaa koti juu ya koti kama watu wa Mbozi wanavyovaa baridi ikibana, matope mpaka magotini. Watoto wakasimama wote: "Shikamoo babuuu!"

"Marahaba. Hamjambo?"

Na kutoka chini ya kofia ikaja sauti: "Marahaba. Karibu kiti."

Darasa likaangua kicheko. Nikamwamkia mzee, akaitikia, akasema, "Namtafuta mtoto wa Festo." Nikatafuta neno la kumchelewesha. Lakini watoto hawajui kuficha. Walinyoosha vidole wote: "Huyo hapo! Ndiye Baba!"

Mzee akamtazama. Akavuta kibenchi cha watoto, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Akaiinua ile kofia kwa kidole ili auone uso.

"Unaitwa nani?"

"Baba."

"Jina lako la shule nauliza."

Mtoto akafikiri. "Lile mama halisemi. Lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Babu. Yuko Mbozi, kwenye kahawa."

Sauti ya mzee ilikuwa bado ngumu. "Na wakubwa wakisalimu, nani alikufundisha kuitikia marahaba?"

"Mama," mtoto akasema, na mimi nikafumba macho. Nikasema basi, imekwisha. Lakini mtoto hakuwa amemaliza. "Asubuhi mama anamwamkia babu. Babu yuko mbali, hasikii. Mimi nampokelea."

"Unampokelea?"

"Ee. Mama anapiga magoti, anasema shikamoo baba. Mimi nasema marahaba, mkwe, hujambo?"

"Kila asubuhi?"

"Hata nikiumwa. Mama alisema salamu isipopokelewa inalala nje."

Mzee akainua uso akanitazama, kisha akamrudia mtoto. Safari hii aliuliza kwa sauti ya chini mno. "Na hayo maneno, 'marahaba, mkwe, hujambo', uliyasikia kwa nani?"

"Mama alinifundisha. Alisema ndivyo babu atakavyosema siku akija."

Vijana, nimesimama mbele ya wakaguzi na mawaziri sikutetemeka. Siku ile nilishika meza. Mimi niliyemwambia yule binti aache, kumbe nilikuwa namwambia azime moto alioukoka peke yake kwenye chumba cha kupanga, ambako hakuna mkwe wala wifi wa kumwona na kumsifu. Heshima ya kuonwa tunaijua wote. Ile ya gizani ndiyo ngumu.

Mzee Lazaro alikaa kwenye kile kibenchi mpaka watoto wenyewe wakanyamaza. Kisha akajikongoja akasimama.

"Mwalimu, kwao unapajua?"

Nikamwomba mwenzangu wa chumba cha pili anishikie darasa. Tukatoka, mzee mbele, mimi nyuma, mtoto katikati amevaa lile koti, maana katika kuchanganyikiwa kwangu nilisahau kumvua. Watu wa stendi walitutazama. Tulipita kati ya malori, mzee akiruka madimbwi taratibu. Nusu ya njia akasema bila kugeuka, "Nilikuja kumchukua huyu."

"Najua, mzee."

Tukatembea tena.

"Nikimchukua," akasema, "yule mama asubuhi atamwamkia nani?"

Nikamwonyesha nyumba.

Neema alikuwa uwanjani akipepeta maharage. Alituona, ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika kwenye matope. Alivuta kitenge juu ya kichwa, akageuza uso pembeni kama desturi inavyotaka, akapiga magoti pale pale alipokuwa, mbali, akakunja viganja akapiga makofi yale ya taratibu. Makofi hayakulingana.

"Shikamoo, baba."

Nikamwona mtoto anavuta pumzi na kufungua mdomo, tayari kwa kazi yake. Mzee akamwekea mkono kichwani, juu ya kofia.

"Acha," akamwambia. "Hii naipokea mwenyewe."

Kisha akatazama kule kwenye maharage, siyo usoni pa mkwewe, akasema kwa sauti ambayo wapangaji wote waliisikia: "Marahaba, mkwe. Hujambo?"

Neema hakuweza kujibu. Mabega yalimpanda na kushuka ndani ya kitenge. Mimi nami nilikuwa natafuta leso. Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama babu yake, akaona salamu inataka kulala nje.

"Hajambo," akamjibia.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumwambia. Alivua kofia. Akavua koti, akalikunja vibaya vibaya, akanipa. "Mwalimu, chukua," akasema. Akabaki na shati lake la shule, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Akamgeukia mzee. Mikono yangu yote ilikuwa imeshika koti, hakuna aliyemfinya.

"Shikamoo, babu."